Nilimfundisha Shemeji Kusikiliza

Kazi yangu ni kunyoosha bodi za magari. Gari likigongwa na kuletwa gereji limekunjamana, mimi ndiye ninayeligonga mpaka lisahau yaliyolikuta. Nilianza nikiwa na miaka kumi na minne, shule iliponishinda, na tangu hapo nyundo haijanitoka mkononi. Watu hudhani fundi wa nyundo ni kiziwi. Wanakosea, kwa sababu bodi hunyooshwa kwa sikio. Ukigonga mlango wa gari kwa kifundo cha kidole, bati zima hulia. Mahali palipozibwa kwa udongo wa mafundi ili kuficha bonde hujibu kwa sauti nzito na fupi, kama mtu aliyeshiba.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ni fundi rangi kwenye gereji hiyohiyo. Mimi nikimaliza kunyoosha, yeye anapuliza rangi. Ana miaka ishirini na minane, na kwa miaka minne amelala chumba cha uani kwetu. Kompyuta yake aliiunganisha mwenyewe kwa vipande vya kuokotaokota, akaiweka sebuleni kwa sababu huko ndiko mtandao unakoshika. Jioni akitoka kazini, anaoga, anakula, anaingia kwenye gemu.

Gemu lenyewe ni dunia nzima ya wafalme, misitu na majoka, na maelfu ya watu huingia humo kwa wakati mmoja, kila mmoja na kikaragosi chake anachokiendesha. Shemeji na wenzake kumi na mmoja walikuwa kundi la vita. Mimi nilikuwa nikiwaona wakikatana mapanga kwenye kioo, nageuza uso wangu, nasoma gazeti.

Jumapili moja aliitwa mezani, akaacha kikaragosi chake kimesimama msituni na hedfoni juu ya kiti. Nikazivaa tu, kama mtu anayejaribu kofia ya mwenzake dukani. Kulikuwa na mvua. Si kelele tu ya mvua. Nilisikia tone linadondoka kwenye jani la juu, linakaa kidogo, kisha linadondoka kwenye la chini. Mbali, kulia kwangu, ndege alilia mara moja akaacha. Wiki nzima nilikuwa nimesikia chuma. Shemeji aliporudi alinikuta nimeganda, mdomo wazi.

Akanifungulia akaunti yangu. Kikaragosi changu kilikuwa mzee mwenye fimbo. Baada ya wiki mbili nilijua kwamba vita sivitaki, nataka kusikiliza. Nikagundua kwamba mvua ya kwenye mawe si mvua ya kwenye makuti, na kwamba upepo wa mlimani hubadilika ukigeuza shingo. Penye kivuko cha mto kulikuwa na muziki ambao wengi hawakuwahi kuusikia. Ilibidi usimame dakika tano bila kushika silaha. Kwanza ulianza uzi mmoja wa kinanda, taratibu, halafu filimbi ikajibu kutoka ng'ambo ya maji. Wapiganaji walipita hapo mbio kila siku, hawajui wamepita wapi.

Wenzake shemeji wakaniita Kisiki. Mke wangu naye hakuniacha. Alisema wenzangu wanaua majoka, mimi nasikiliza vyura. Nikamwambia vyura nao ni viumbe wa Mungu. Akasema hao si wa Mungu, hao ni wa nyaya. Hapo alinishinda.

Siku moja penye kivuko akaja mwanamke wa joho la kijivu. Hakuwa na silaha. Akasimama kando yangu bila salamu, muziki ukaja, ukaisha, akaondoka. Siku tatu hivyohivyo. Siku ya nne akazungumza, sauti ya mtu mzima, kila neno limeoshwa.

"Filimbi imechelewa leo."

Nikamwambia huchelewa upepo ukitoka mlimani.

Akacheka. Akasema amekaa mwaka mzima pale akimsubiri mtu mwenye masikio.

Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na moja ya kuunganisha simu za watu, enzi za nyaya na matundu, mpaka mashine zikaja wakampa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Sasa miguu haimbebi. Anashinda dirishani na kompyuta aliyoachiwa na mjukuu wake. Nilipojua umri wake nikaanza kumwamkia shikamoo. Akanikataza, akasema kwenye nchi ya majoka wote ni rika moja. Mimi nikamwita Bi Simu, yeye akaniita Fundi. Basi, kila siku saa kumi na mbili jioni, kabla shemeji hajaja kwenye kompyuta, tulikutana, robo saa, nusu saa, tukasikiliza. Hatukuulizana mengi. Sijawahi kuwa na rafiki wa namna hiyo, na nina umri wa kusema hivyo.

Mwezi wa tatu wa urafiki wetu akanipitisha kwenye ukungu, hatua kwa hatua kwa kufuata sauti, maana huwezi kuona mbele ya pua yako. Tukafika kwenye maporomoko ya maji, tukapenya nyuma yake. Kulikuwa na chumba cha mwamba, na kwenye mwamba rafu, na kwenye rafu visanduku kumi na tisa vya shaba.

Akanieleza. Wenye gemu kila mwaka huondoa sehemu za zamani na kuweka mpya. Mji unafutwa, bonde linafutwa, na muziki wake unakwenda nao. Zamani kulikuwa na njia ya kufungia muziki wa mahali ndani ya kisanduku kabla hapajafutwa, lakini ilitaka ukae hapo siku arobaini. Wenye haraka hawakuwa na siku arobaini. Yeye alikuwa nazo. Akafungua kimoja. Nikasikia soko, wauzaji wakiitana, kengele ya punda, na chini ya yote hayo wimbo mdogo wa huzuni ambao wachuuzi wale wasingeujua.

"Mji huu umebaki hapa tu," alisema. "Nje ya hapa, haupo tena duniani."

Pango halina kufuli. Sheria ya gemu ni kwamba anayefika mahali, chochote anachokikuta hapo ni chake. Ulinzi wake wote ulikuwa kutojulikana. Akaniomba nisimwambie mtu. Nikaapa kwa mama yangu mzazi, na mpaka leo sijamtajia mtu mahali pale.

Jioni zilizofuata tulirudi pangoni pamoja. Haikupita wiki, nikiwa gereji nagonga boneti, shemeji akaja na bomba lake la rangi mkononi, akaegemea gari.

"Hivi shemeji, wewe kule unasikiaga nini?"

Miaka minne kijana huyu hajawahi kuniuliza kitu ila kama bati liko tayari. Nikaacha nyundo. Nikamweleza mpaka bosi akatukoholea. Jioni yake shemeji alirudi na hedfoni za pili. Tukakaa kwenye kochi, nyaya mbili kwenye kompyuta moja, kama mapacha. Akafumba macho. Akasema kumbe muda wote alikuwa anapita humo kama mzigo juu ya lori. Maneno hayo yalinikaa moyoni. Nilimpenda siku ile, niseme ukweli.

Nikamfundisha. Nikamwonyesha kwamba vyura hunyamaza mtu akisogea karibu, hata kama humwoni. Nikamwonyesha ardhi yenye shimo chini yake inavyoitikia mguu. Akaniuliza kuhusu maji. Sikumpeleka kwa Bi Simu, si mjinga kiasi hicho. Nilimpeleka kwenye maporomoko mengine, upande wa pili wa nchi, yasiyo na kitu nyuma yake ila popo. Nikamwambia asikilize: maji yakiangukia mwamba mzima, sauti inakatika. Nyuma yake kukiwa na uwazi, sauti ina mkia. Ni kama bodi, nikamwambia, ni kama kazi yetu tu. Akaniomba nirudie. Tukaenda huku na huku, nikimjaribu akiwa amefumba macho, mpaka akawa hakosei. Nikampiga bega. Mezani nikamwambia mke wangu kwamba mdogo wake ana sikio. Mama watoto alifurahi kuliko mimi. Siku nyingi alitaka sisi wawili tupate la kuzungumza zaidi ya rangi.

Wiki mbili tulikaa hivyo. Jumamosi akaniaga gereji adhuhuri, kichwa kinamuuma. Nikamwambia akalale, na mlango aliouacha nikamsugulia msasa mwenyewe mpaka jioni ili Jumatatu asipate shida.

Jumapili baada ya chakula akanikalisha kwenye kochi, akanivisha hedfoni kama mtu anayemvisha bwana harusi. Kikaragosi chake, alichokuwa akikiendesha kwa simu, kilikuwa kikinisubiri penye kivuko. Kikanikabidhi upanga wa shaba, mpya, unang'aa.

"Chukua, shemeji. Hilo fungu lako."

Nikamwuliza fungu la nini. Akanisimulia, furaha imemjaa mdomoni. Yeye na kundi lake walikuwa wamesikia kitambo kwamba kuna mtu kaficha shaba ya zamani, shaba ambayo haipatikani tena na ndiyo hutoa upanga mkali kuliko wote. Wenzake waliona mimi na mwanamke wa joho tunapotelea kwenye ukungu kila jioni. Wakatufuata mara tatu, wakatupoteza. Basi yeye akajiuliza, hawa hawaoni, wanapitaje? Akapata jibu. Jana, kichwa kikimuuma, walipita maporomoko yote, moja baada ya jingine.

"La nane likalia vilevile ulivyosema," akaniambia. "Lina mkia."

Nikavua hedfoni. Nikamwuliza kama walivikuta visanduku. Kumi na tisa, alisema, na vyote wameviyeyusha.

"Mlifungua hata kimoja? Mkasikiliza?"

Akanitazama kama ninayemwuliza kama alisoma gazeti alilofungia viatu.

"Ili iweje?"

Nikamkumbusha kwamba wiki mbili amekaa kando yangu, amefumba macho. Akacheka, akanigusa goti. "Fuata nyuki ule asali, shemeji." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililonikata. Alidhani tutacheka pamoja. Alidhani nitamsifu.

Mke wangu akatoka jikoni na taulo begani kuuliza kuna nini. Alipoelezwa akasema ni mchezo. Akaniuliza, nitamfukuza mdogo wake kwa ajili ya picha za masanduku? Nikamwambia sifukuzi mtu. Nikamwambia tu kwamba wiki mbili kijana huyu alikaa hapa, nami nikaamini. Akaniuliza, si ndivyo nilivyotaka, akae na mimi?

Nikavaa hedfoni tena, nikapita kwenye ukungu. Bi Simu alikuwa ndani, amesimama mbele ya rafu tupu. Akaanza yeye.

"Jana mchana vyura wa kivukoni walinyamaza. Nilidhani ni wewe. Nikakaa kukusubiri."

Ningeweza kusema sijui kilichotokea. Nililifikiria hilo, mimi si mtakatifu. Nikamwambia ni shemeji yangu na kundi lake, na kwamba mahali sikumtajia.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimfundisha maji yanavyolia."

Kwenye hedfoni ikanijia nyumba yake, naisikia hadi leo. Kiti kililia kidogo. Pazia liliguswa na upepo, pete zake zikatambaa kwenye fimbo ya dirisha. Mahali fulani mbali kwenye nyumba ile mtu alikuwa anaosha vyombo.

"Alijifunza kwa muda gani?"

"Wiki mbili."

"Mimi ilinichukua mwaka." Akavuta pumzi. "Miaka thelathini na moja nimesikia siri za watu kwenye nyaya, Fundi, na sikutoa hata moja. Nilikuwa na siri moja yangu mwenyewe. Nilikupa wewe."

Nikataka kumwambia kwamba nami nimechezewa shere, kwamba na mimi nimeibiwa. Lakini huwezi kumwendea mwenye nyumba iliyoungua ukamwonyesha shati lako lina moshi. Nikasema nisamehe, Bi Simu. Kikaragosi chake kikabaki kidogo, kisha kikafifia, na jina lake likatoka kwenye orodha ya marafiki zangu. Lilikuwa jina pekee humo. Kesho yake na keshokutwa nilikwenda kivukoni saa kumi na mbili, hakuja, na najua haji.

Lakini siku ile niliporudi kutoka pangoni nilikuwa bado na ule upanga. Shemeji alikuwa palepale kwenye kochi, ameshavaa hedfoni zake, waya kwenye kompyuta ileile, ananiuliza kama bibi kakasirika. Nikatafuta jiwe kubwa kando ya mto, nikaupiga upanga juu yake, maana shaba ile ilikuwa na mji ndani yake, na soko, na punda mwenye kengele, na labda kulikuwa na kitu kimebaki. Ukalia kama panga zote za gemu lile. Nikaupiga tena, nikabana hedfoni kwa viganja nisikie vizuri. Nikaupiga tena.

Mara ya nne shemeji akazivua hedfoni zake, akaniambia niache, ninamuumiza masikio.