Nilishakula Jikoni

Mtu akikuambia biokemia ni somo jepesi, mwulize kama aliwahi kulifanyia sapu. Adventina, mwanafunzi wa lishe mwaka wa pili, alikuwa amelifeli, na mtihani wa marudio ulibakiza wiki mbili. Akianguka tena ni disko, anafukuzwa chuo, na mama yake Yuliana, aliyekwisha kuitangazia kwaya nzima ya Butiama kuwa ana mtoto chuo kikuu, angeuficha wapi uso?

Akaja nyumbani kusoma. Alibandika ukutani karatasi kubwa yenye njia zote za chakula mwilini, mishale juu ya mishale, akaikariri kama kasuku. Ilikataa. Akiishika sukari, mafuta yanamtoroka.

Yuliana hakumwingilia. Alikuwa na udaga wake wa kushughulikia: anamenya muhogo, anaurundika, anaufunika kwa majani mpaka uote ukungu, ndipo anaukwangua na kuuanika. Alitembea uani kwa fimbo, akikanyaga kwa vidole, magoti yakigongana. Miguu hiyo ilikakamaa ghafla mwaka wa ule ukame mkubwa, Adventina akiwa na miaka minne. Watu walimwambia amelogwa na wifi yake Matrida wa Bunda, na tangu hapo wawili hao hawakusalimiana tena.

Siku ya tano, akiwa anakwangua ukungu, Yuliana aliuliza kama muhogo nao umo kwenye ile karatasi. Adventina nusura acheke. Akapekua madaftari, akaukuta umebanwa kwenye kona ya ukurasa mmoja. Akamweleza kuwa muhogo mchungu una sumu, kwamba kuuvundika kunaipunguza, na kwamba inayobaki mwili huizima kwa salfa inayotoka kwenye protini, kama ya dagaa.

"Na asiyekula dagaa?"

"Siku za kuvundika zikipunguzwa, na dagaa hamna, sumu inapiga mishipa ya fahamu. Miguu inakakamaa ghafla, hasa ya watoto na akina mama wenye..."

Adventina aliitazama miguu ya mama yake. Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Yuliana aliendelea kukwangua. "Mwaka ule njaa haikungojaga ukungu," alisema. "Siku mbili tu, tunatwanga. Na nyie mlikuwaga watatu. Dagaa kidogo nilizopata niliwagawia nyie."

Hapo Adventina akakumbuka. Kila jioni ya mwaka ule mama alisimama mlangoni akiwatazama wakila, na walipomwita alijibu vilevile: nilishakula jikoni. Wakaamini, maana watoto wenye njaa hawana muda wa kuchunguza maneno. Sasa alitazama miguu yake mwenyewe, mizima, imenyooka, akalia kwa shukrani ambayo hakujua aiweke wapi.

"Kumbe Matrida wa watu hakuniloga," alisema Yuliana, naye machozi yakamtoka.

Tangu siku hiyo Adventina aliacha kukariri. Kwenye kila mshale alijiuliza nani kapata na nani kakosa, na Yuliana, akiwa na kisu mkononi, alimwuliza maswali makali kuliko ya mhadhiri. Mtihani wenyewe haukugusa muhogo hata chembe. Uliuliza sukari, mafuta, na mwili unajilaje siku ya tatu ya njaa. Adventina aliandika kama anayesimulia habari za watu wa nyumbani kwao.

Ujumbe wa matokeo ulimkuta sokoni Musoma: amefaulu. Palepale akachagua sato mnono kuliko wote, akampigia shangazi yake Bunda.

Matrida alikuja Jumapili. Mawifi walishikana mikono muda mrefu, kisha wakaanza kusema wote kwa pamoja. Adventina alikataa msaada wa mtu yeyote, akasonga ugali wa udaga, akapika samaki, akatenga. Yuliana akagawa kama kawaida yake: kichwa kwa mgeni, mnofu wa katikati kwa mtoto, na mbele yake mwenyewe akabakiza tonge na mchuzi.

"Kuleni," alisema. "Mimi nilishakula jikoni."

Adventina aliurudisha mkono wake kwenye paja. Matrida naye akaacha kula.

"Mama, jikoni leo nilikuwa peke yangu."

Yuliana alitazama chini, akatabasamu kama mtu aliyekamatwa. Adventina akamwekea ule mnofu wa katikati, na hakuna aliyegusa chakula mpaka mama alipomeza.