Shingo ya Daktari Zdravka

Roboti ilikuwa na mkono mmoja tu, na mkono huo ulishika kamera nyembamba ndani ya pua ya mama Nedyalka. Daktari Zdravka alivaa kichwani mkanda wa kuiongoza. Akikanyaga pedali na kugeuza kichwa, kamera nayo inageuka. Akiachia pedali, inatulia tuli. Hivyo mikono yake yote miwili ilibaki huru.

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Kinyama kilikuwa kimeota juu kabisa puani, kikiegemea nyuzi za kunusia. Mama Nedyalka alikuwa mpikaji wa mafuta ya waridi kule Kazanlak, na kwa miaka arobaini aliyapima kwa pua.

"Ukiniharibia pua, mwanangu," alisema kabla ya kulazwa usingizi, "bora unizike kabisa."

Fundi aliyeileta mashine alikuwa mgeni kutoka kaskazini. Aliwaonya mambo kumi na mawili, ila moja hakulijua, maana kwao mtu akikubali huinamisha kichwa. Hapa mjini Plovdiv ni kinyume: kukubali ni kutikisa kichwa kushoto na kulia, na kukataa ni kukiinua na kukishusha. Nani angekumbuka kumweleza jambo ambalo shingo inajifanyia yenyewe?

"Daktari, nikupe pamba?" akauliza nesi Tsonka.

Zdravka, mguu ukiwa kwenye pedali, akatikisa kichwa: ndiyo.

Kamera ikayumba kushoto, ikayumba kulia. Skrini ikawa nyekundu tupu.

"Mguu!" Tsonka akapiga kelele. "Toa mguu, we Zdravka!"

Akautoa. Kamera ikasimama, lakini hakuona kitu ila damu, na nyuma ya damu ile zilikuwa nyuzi ambazo zikikatika hazioti tena. Alijilaani kimoyomoyo, akaomba mpira wa kufyonzea, akafyonza, akakandamiza pamba na kungoja. Dakika sita.

"Tsonka, nikikujibu tena kwa kichwa, nizabe kofi."

"Ruhusa hiyo nimeingoja miaka kumi na tisa, daktari."

Damu ikakatika. Nyuzi zilikuwepo, ila zimechubuka, na hakuna skrini duniani ambayo ingemwambia kama bado ziko hai. Akakikata kinyama polepole, shingo ikiwa ngumu kama ya sanamu, mpaka kikatoka chote.

Mama Nedyalka alipoamka, Zdravka alimweleza kosa lake bila kuficha. Wiki tatu zilipita, Zdravka akila bila kuonja.

Siku ya kupima, alileta kichupa cha mafuta ya waridi alichokinunua dukani katika mtaa wa kale wa Plovdiv. Akakifungua, akamsogezea puani.

"Unasikia waridi, mama?"

Mama Nedyalka akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Kichwa chake kikapanda, kikashuka.

Hapana.

"Nisamehe, mama," Zdravka akasema. " Kosa ni langu."

"Lako kwa lipi? La huyo mwizi aliyekuuzia! Waridi liko wapi hapa? Hii jeraniamu, mwanangu, ua la madirishani! Na chupa yenyewe hawakuiosha, ilikuwa na siki."

Zdravka akaangua kilio papo hapo, kichwa kikimwenda kushoto na kulia, na safari hii hakukizuia.