Siku Makumi Ine ku Volani

Muntu akikuambia kama kujua kuendesha motoka inaombaka mwezi moya, umuulize kwanza: mwezi moya na nani pembeni? Mi nilijifunza siku makumi ine, na mupaka leo sijue zile siku nizihesabie nani.

Bwana yangu Paulin alikuwa shofere. Miaka kumi na tatu ya ndoa, hakunipatia volani ata siku moya. "Mama Michelle," alikuwa anasema, juu Michelle njo mutoto yetu ya kwanza, "we utaua bantu." Kumbe yeye njo alikufa. Kamyo ya kazi ilikatala freni, ikakosa kusimama ku barabara ya Kinsevere, ikaanguka naye mu mufereji. Bale balimutosha balisema mguu yake ilikuwa ingali inakanyaga pedali.

Alituachia batoto babili, nyumba ya Ruashi yenye haiishe kujengwa, na motoka yake mwenyewe, Toyota ya zamani ya volani ya kuume. Siku ya kuzika, mukubwa yake, shemeji Adalbert, akasimama mbele ya familia yote. "Ile motoka haiwezi kulala bure. Siku ya kumaliza kilio, siku ya makumi ine, kama mama Michelle anajua kuiendesha, ibaki yake. Kama hajue, mi naibeba." Bantu bakacheka. Kilio chenyewe, na bantu banacheka! Mi nilikuwa nawaza bamama ba soko ya Kampemba, bale banatafutaka kila siku motoka ya kubebesha mboga. Bila ile motoka batoto bangu batakula nini? Nikasema mu roho: mutaona.

Sasa, kwabo na Paulin kuko desturi. Bintu ya mufu, muntu haigusake mbele ya kilio kuisha. Ile siku mujane njo anaosha kila kintu yenye bwana yake alikuwa anashika, anaita jina yake mara ya mwisho, anamuambia aende. Kama hajaambiwa vile, mufu angali mu bintu yake. Nilijua, sisemi uongo. Lakini kama nangojea siku ya makumi ine, nitajifunza lini? Nikabeba funguo, nikaita Nono, jirani yetu mwenye kuendesha taxi.

"Itaomba siku ngapi?" nikamuuliza.

"Mama, inategemea mguu," akasema. "Kuko bale ba siku kumi na tano. Kuko na bale, mwaka muzima bangali banagonga ukuta."

Tulikuwa tunatoka saa kumi na mbili ya asubui, mbele jirani baamuke. Mi kuume ku volani, Nono kushoto. Siku ya tatu mbuzi ikaruka mbele yetu. Nikalia "Yooo!", nikaachilia kila kintu. Motoka ikasimama tii, moteri ikazimika.

"Ee mama, uko na mguu ya mbio!" Nono akasema. "Ila ambreyaji, ile pedali ya gia, njo unasahau."

Nikazani ananichekelea. Kwangu ilikuwa wazi ni yeye alivuta freni ya mukono. Nikaona haya kumuuliza.

Ikawa vile kila siku. Leo mukokoteni ya unga, kesho mama mwenye beseni ku kichwa. Mi nachelewa, motoka inasimama. Nono anasifu mguu yangu, mi nashukuru mukono yake. Bajinga babili.

Siku ya makumi mbili na sita, Nono alikuya na njaa. Mukono moya mukate, mukono ingine avoka. Ku njia panda, kamyo ya mawe ikatokea na mbio. Nikakanyaga, kumbe nikakanyaga akselere, pedali ya mwendo! Nikasema mu roho, basi, tumekufa. Motoka ikasimama. Kamyo ikapita mbele ya pua yetu na vumbi yake yote.

Nikaangalia Nono: mukate, avoka. Nikaangalia chini. Mguu yangu ilikuwa ingali ku akselere. Pembeni yake, pedali ya freni ilikuwa imekanyagwa mupaka mwisho. Kisha ikaanza kupanda, polepole, sawa vile muntu anainuaka mguu kama hatari imepita.

Nono naye aliona. Mukate ikamuanguka. "Mama Michelle, mi nafundishaka muntu moya moya. Humu tuko batatu." Akashuka, akatembea mupaka kwake bila kugeuka, na hakurudia tena.

Woga ilinishika, sifichi. Lakini hasira ilikuwa mingi kupita woga. Nikapiga volani na ngumi: "Paulin! Miaka kumi na tatu unaninyima, sasa njo unakuya kunifundisha?" Mu kioo hamukuwa muntu. Ni pedali ya freni tu ilishuka kidogo, ikapanda.

Kesho yake nikatoka peke yangu. Nasema peke yangu, lakini we unaelewa. Zile siku nilikuwa na furaha, naisema bila haya. Naendesha, namusimulia bya batoto, na fasi yenye nakosea, pedali inashuka. Nikaacha ata kuangalia njia muzuri. Niangalie juu ya nini? Mazoea yana taabu, bakubwa balisemaka.

Siku ya makumi ine familia ikajaa mu kiwanja. "Kwanza kilio kiishe," Adalbert akasema. "Kisha utanipeleka kwangu Kampemba. Ukigonga ata kuku, funguo ni yangu." Tantine Jeanne, shangazi ya Paulin, akaniletea maji na kitambaa. Nikaosha saa ya bwana yangu, koti yake, biatu byake. Akanishika mukono mupaka ku motoka.

"Na hii. Osha, umuite, umuambie."

Nikaosha volani. Nikainama ku pedali, mukono ikakatala. Nikimuambia aende, nani atasimamisha motoka? Na nisipomuambia, tantine hatafunga kilio, Adalbert anabeba funguo. Bantu bote banangojea. Chini ya kitambaa, pedali ikashuka chini ya mukono yangu, polepole.

"Paulin," nikasema. "Enda."

Ikapanda. Nikaishika tena. Ilikuwa chuma tu.

Adalbert akakaa kushoto, mikono ku magoti. Tukatoka Ruashi. Karibu na Kampemba, muntu ku kinga yake, baiskeli ya kubeba makala, akatokea nyuma ya basi, mifuko imejaa, akajikuta mbele yetu kabisa. Nikangojea. Mungu anisamehe, nilingojea. Pedali haikushuka. Niliona macho ya ule muntu, yalikuwa yananiangalia mi. Njo mguu yangu ikaenda, na nguvu yangu yote. Tairi zikalia. Tukasimama, kati ya motoka na kinga hapakubakia ata fasi ya kupitisha mukono.

Adalbert alikuwa anatoka jasho. "Aaah, shemeji, unajua," akasema. "Motoka ni yako. Endesha, twende."

Sikuendesha. Niliweka kichwa ku volani, nikalia na sauti, klaksoni za motoka zingine zinapiga nyuma yetu.

"Shemeji, si ulishinda? Unalilia nini?"

Bo bote balimuzika Paulin, siku makumi ine zimepita. Mi, alinifia pale.