Mpira wa Kulamba

Baba yangu analamba mipira ya gofu. Naanza na hilo moja kwa moja, maana nikilizungusha nitaonekana namwonea. Anauokota mpira kwenye nyasi, nyasi zilizokojolewa na mbwa wa mtaa mzima, anatoa ulimi wote nje, anauzungusha mpira juu yake taratibu kama mtoto na peremende, kisha anaufuta kwenye suruali na kuendelea na mchezo. Ptuu! Hata kusimulia tu mate yananijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Mimi kazi yangu ni kufua. Ni msimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini, na wenzangu wananiita Mama Jiki. Shuka zinazopita mikononi mwangu zimebeba kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kukitoa. Sitavitaja, huenda kuna anayekula. Watu hudhani afanyaye kazi hiyo huzoea uchafu. Thubutu! Anayeujua uchafu ndiye anayeuogopa. Mtu akilamba kitu kilichotoka chini, mimi simwoni mtu pale, namwona mgonjwa wa kesho.

Sasa huyo mzee akaja kwangu Jumamosi asubuhi, akabwaga mfuko wake wa fimbo juu ya kiti nilichotoka kukifuta, akakaa kwenye meza ya jikoni, akasema, "Mama, nataka twende safari ya gofu."

"Twende nani na nani?"

"Mimi na wewe. Mzazi na mtoto wake. Viwanja vitatu, vya umma, vya bei ya watu kama sisi. Tunapanda basi, tunalala nyumba za wageni, tunacheza, tunarudi."

Nyumba za wageni! Mimi na mashuka ya watu nisiowajua, likizoni! Nilishika ukingo wa sinki.

"Baba, mimi sijawahi kushika hiyo fimbo hata kwa kufukuzia panya. Mwenzako kwenye gofu ni Bosi."

Bosi ni kaka yangu. Anauza magari, anavaa suruali nyeupe siku za kazi na siku za mapumziko, na kila akienda kucheza na Baba lazima picha zitufikie kwenye simu: Bosi kamkumbatia mzee, Bosi kamshikia mzee fimbo. Shangazi zetu wanamwombea baraka kwa maandishi. Mimi ninayemfulia mzee soksi siombewi chochote.

"Bosi ana mambo mengi," Baba akasema. "Lete chai tupange."

Nikaleta chai. Akaipokea kwa kukishika kikombe tumboni, si kwenye mkono wake, na chai ilikuwa inachemka. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mpaka alipostaafu, na ncha za vidole vyake zimeungua miaka mingi hadi zimekuwa ngumu kama soli ya kiatu. Hata gofu aliipata kwenye kazi hiyo. Aliitwa kuchomelea uzio wa uwanja wa manispaa. Uzio ukaisha, yeye akabaki ndani.

Nikajaribu kuokoa nilichoweza. Nikamtajia uwanja mpya nje ya mji, nao ni wa umma, bei si mbaya, na nilisikia vyoo vyake vina maji.

"Huo siujui," akasema.

"Si ndiyo raha ya safari, Baba? Kuona usichokijua?"

Akakuna kidevu. "Nataka ninavyovijua kwa miguu. Vile vitatu tu."

Ubahili, nikasema moyoni. Ubahili na ukaidi, na juu yake ule ulimi. Nilimwona tayari yupo kwenye basi, mfuko wa fimbo unanuka jasho, ile glavu yake moja imekakamaa kama dagaa wa juzi, na mimi pembeni yake nimeziba pua safari nzima.

Kabla sijajibu, marashi yakaingia, na nyuma ya marashi akaingia Bosi. Alikuwa amepita kusalimia, ndivyo alivyosema. Aliposikia habari ya safari akacheka.

"Mzee wangu, viwanja vya umma si vya kuchungia mbuzi vile? Mimi nitakupeleka kwenye klabu yenyewe. Wateja wangu wakubwa wote wako pale. Wewe utakaa zako barazani, kinywaji baridi mkononi, unatuangalia."

"Nitawaangalia na nini?" Baba akauliza.

Bosi akakohoa. Mimi nikadhani mzee amenuna tu.

"Na wewe siendi," Baba akaongeza. "Nimeshasema. Nakwenda na dada yako."

Bosi akatoa boksi la mipira mipya, myeupe pee, akalitupa mezani. "Basi angalau chezea hii, uache kulamba ile mipira yako kama magome mbele za watu. Unatutia aibu." Akaondoka, marashi yakabaki.

Nilikuwa upande wa Bosi, sifichi. "Baba, mwanao anataka kukustarehesha, wewe unamfukuza. Kweli huo ni uungwana?"

Mzee akasimama, akapapasa kiti mpaka akaupata mfuko wake. "Twende hapa karibu leo, nikuonyeshe mchezo. Ukichukia, basi, sitakuomba tena."

Nikatia kwenye mkoba glavu za kazini, kipande cha sabuni, chupa ya maji na lile boksi la mipira, tukaenda. Nilijua kabisa nitachukia.

Na nilichukia tangu getini. Uwanja wa manispaa uko nyuma ya karakana ya mabasi. Anayekatisha tiketi alikuwa anachokonoa meno kwa kona ya tiketi zenyewe, kisha akanipa yangu. Choo mlango wake umefungwa kwa waya, na hukuhitaji kuufungua kujua kuna nini ndani. Katikati ya nyasi umekatiza mtaro wa maji meusi, povu juu, mainzi yanafanya mkutano. Khaa! Na watu wamelipa kuingia humo kwa hiari yao.

Pale pa kuanzia mchezo palikuwa na kibao kikubwa kama mlango, herufi nyekundu: NYASI ZIMEPULIZIWA DAWA YA SUMU LEO. USIPELEKE MIKONO WALA MPIRA MDOMONI. Nikashukuru, nikasema angalau leo nitapumzika na ule ulimi. Baba akafika, akaegemea nguzo ya kibao hichohicho, akainama, akauchovya mpira kwenye nyasi zenye umande kuutoa vumbi, akautoa ulimi nje, akalamba.

"Baba!" Nilipiga ukelele mpaka watu wa karakana wakageuka. "Tema! Tema hapo hapo! Hujaona kibao?"

"Kibao gani?"

"Hicho ulichokiegemea!"

Akageuka. Akakipapasa kwa kiganja, juu, chini, kama mtu anayetafuta swichi gizani. "Aa," akasema. "Nilidhani ni ukuta wa kibanda."

Nilimsukutua mdomo kwa maji ya chupa, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, namshika kidevu kama mtoto mchanga, naye anatema bila ubishi. Kule kutokubishana kwake ndiko kulikonitisha. Nikamkalisha kwenye benchi.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Ule moto wa kuchomelea umenila macho. Katikati kuna doa, pembeni bado naona naona. Daktari anasema doa linakua, halirudi nyuma." Akazungusha mpira kiganjani. "Ndiyo maana nataka vile viwanja vitatu. Nivicheze mara moja na mwanangu, kabla pembeni napo hapajafungwa."

"Na mimi hukuniambia! Mficha maradhi, Baba, si unajua kinachomuumbua?"

"Ningekuambia, ungenifungia ndani na mashuka yako."

Na kweli, ningemfungia.

"Sasa kulamba kunaponya macho?" nikauliza kwa hasira, maana machozi yalikuwa yananipanda na sikuyataka.

Akanipa mpira. Ulikuwa na mikato mitatu midogo, ameichonga mwenyewe kwa msumeno wa chuma. Kila mchezaji huweka alama yake, akasema, ili asipige mpira wa mwenzake. "Zamani nilikuwa naiangalia. Macho yakakataa. Vidole hivi navyo havisikii kitu, unavijua. Kimebaki ulimi."

"Lakini si unacheza na Bosi? Yeye haoni kama huu ni wako?"

Baba akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Bosi anajua yote. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa daktari. Basi tukawa tunacheza, mimi napiga, yeye ananiambia umekwenda wapi. Kila nikipiga, 'Katikati kabisa, mzee!' Kila pigo katikati. Nikajiona nimekuwa bingwa uzeeni. Siku moja nikapiga, nikausikia mpira umegonga mti, pwaa! Naye anasema katikati kabisa. Tukafika, kweli mpira uko katikati. Nikaulamba. Hauna alama. Pigo la pili hivyohivyo, la tatu hivyohivyo. Alikuwa anadondosha mipira mipya kutoka mfukoni ili tumalize haraka. Alikuwa na mteja anamngoja."

"Ukamwambia nini?"

"Nimwambie nini? Nilimwambia ana macho mazuri."

Nimeshika mashuka ya wodi zote, nimeshika vitu ambavyo madaktari wenyewe wanavisukuma kwa mguu, lakini sijawahi kupata kinyaa kama nilichokipata kwa ile suruali nyeupe. Picha zote zile! Mkono begani, meno nje, na mkono wa pili mfukoni unatafuta mpira wa kumdanganyia kipofu. Kumpaka babako mafuta kwa mgongo wa chupa, halafu unamwambia anatia aibu kwa sababu ya ulimi, ulimi uliokukamata! Ptuu! Nilitema chini kweli, mimi nisiyetema mate barabarani.

"Cheza," nikamwambia. "Nakuangalia."

Baba akausimika mpira juu ya kijiti chake kwa kupapasa, akatanua miguu, akapiga. Lo, mzee ana nguvu! Mpira ukapaa vizuri, mimi nikafungua mdomo kushangilia, kisha ukapinda kushoto, ukashuka, ukatumbukia kwenye ule mtaro, katikati ya povu.

"Umekwenda wapi?" akauliza. Uso wake ulikuwa umeelekea mbele, mahali ambapo mpira haukuwepo.

Mkoba ulikuwa begani. Ndani yake boksi la Bosi, mipira myeupe pee, na nyasi safi mbele yangu. Mtaro niliusikia ukinuka kutoka pale niliposimama. Nami najua vilivyomo kwenye maji ya namna ile, navijua kwa majina. Ingekuwa kuinama tu mara moja.

"Umeingia mtaroni, Baba," nikasema. "Tena si pembeni, katikati ya uozo. Pigo baya. Baya sana."

Mabega yakamshuka, akacheka, safari hii kicheko cha tumboni, mpaka akaishikilia fimbo asianguke.

"Nilisikia chubwi," akasema. "Nilikuwa nangoja nisikie utasemaje."

Nikavua viatu. Nikavaa glavu za kazini, nikakunja sketi, nikashuka. Sitaeleza. Nitasema tu kwamba tope lile lilikuwa la vuguvugu, na kuna kitu kilinipita kifundoni. Nilitoa chupa, nikatoa kandambili, nikatoa mpira usio wetu, nikaurusha. Nilitukana matusi ambayo sijui niliyajulia wapi. Mwisho nikaupata wenye mikato mitatu.

Bomba liko karibu na kibanda cha tiketi. Niliufua ule mpira kama ninavyofua nguo za chumba cha upasuaji: sabuni, maji, sabuni, maji, nikaunusa, sabuni tena. Nikaukausha kwa leso yangu safi, nikamwekea Baba kiganjani.

Akautoa ulimi, ule ulimi wote, akauzungusha mpira taratibu, macho ameyafumba. Sikugeuza uso.

"Wangu," akasema.

"Wako, na uutunze. Lakini tangu leo hulambi kitu kabla sijakifua, umenielewa? Viwanja vyote vitatu." Nikakitazama kipande cha sabuni mkononi, kimebaki kama kucha. "Safarini nabeba mche mzima."