Akidi ya Malaba

Asubuhi ya mkutano, Daktari Benedetta Apeduno alikuwa akipanga viti katika ukumbi wa wakulima wa pamba, Malaba, mpakani upande wa Kenya, karibu na stesheni ya reli. Ilikuwa Agosti 1976. Viti vingine vilikuwa vya kanisa, vingine vya baa. Vile vya baa vilikuwa na miguu mifupi, kwa hiyo aliviweka nyuma. Alikuwa amefika jana yake kwa garimoshi kutoka Nairobi na mgongo ulikuwa ukimuuma.

Ulikuwa mkutano wa wataalamu wa kompyuta kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Nchi hizo bado zilikuwa na reli moja na posta moja, ingawa zilizidi kununiana, na wataalamu hao walitaka kompyuta za miji mitatu zizungumze kwa waya wa simu na kugawana kazi kana kwamba ni kompyuta moja. Iliyokosekana ni programu ya kukaa katikati yao, kama mkalimani anavyokaa kati ya watu wasioelewana lugha. Benedetta na mwenzake wa Kampala, Daktari Oriokot, walikuwa wameishughulikia tangu wakiwa wanafunzi. Malaba ilichaguliwa kwa sababu watu wa Kampala hawakupewa ruhusa ya kwenda Nairobi, lakini kuvuka daraja kwa siku moja, pamoja na watu wa sokoni, kuliwezekana.

“Yoga, Benedetta,” sauti ya Oriokot ikamsalimu kwa Kiteso mlangoni.

“Yoga,” alijibu bila kugeuka, maana alikuwa amebeba viti viwili. Alipogeuka, mlangoni hapakuwa na mtu.

“Uko wapi?”

“Niko hapa. Mwili umebaki kwenye kizuizi cha darajani, upande wa kule. Wamesema una maswali ya kujibu. Sauti wakasema ipite tu, haina mzigo.”

Benedetta aliweka viti chini. Aliuliza kama walikuwa wamempiga.

“Bado,” Oriokot akasema. “Nikae wapi?”

Alimpa kiti cha kanisa, safu ya mbele.

Mwenyekiti, Profesa Methuselah Okwara, aliingia akiwa na vumbi la barabara ya Bungoma kwenye kola. Aliwapa watu mikono mmoja mmoja, na alipofika kwenye kiti cha Oriokot aliinamisha kichwa kidogo, akaendelea. Wajumbe wengine wa Uganda hawakuwa wamefika, na ilionekana hawatafika. Jambo hilo lilimsumbua Profesa, kwa sababu kanuni zilisema mkutano hauna akidi mpaka kila nchi iwe na mjumbe ukumbini. Bila akidi hawawezi kuamua lolote.

“Huyu yupo?” alimuuliza Benedetta.

“Yupo.”

“Basi akidi imetimia,” Profesa akasema, akafungua mkutano.

Chai ilikuwa ya Mama Syprose, aliyekuwa na hoteli yake hapo stesheni. Alipofika kwenye kiti cha Oriokot alisimama na birika. “Daktari, huyu wa sauti nimwekee sukari?”

“Weka,” Oriokot akamjibu mwenyewe. “Nitasikia harufu.”

Mama Syprose akaweka vijiko viwili. Chai ilipopoa aliimwaga nje na kumwekea nyingine, na hivyo ndivyo alivyofanya siku nzima.

Oriokot aliwasilisha makala yake kabla ya chakula cha mchana. Kwa kuwa hakuwa na mkono wa kushika chaki, Benedetta ndiye aliyeandika ubaoni. Makala yalihusu mashine inayonyamaza. Kompyuta tatu zinafanya kazi moja, Oriokot alieleza, kisha moja inakaa kimya. Huenda imekufa. Huenda ni nzima ila iko taratibu. Huenda waya umekatika njiani. Zile mbili zilizobaki haziwezi kujua ni lipi kati ya hayo, kwa sababu kimya ni kimya. Pendekezo lake lilikuwa zisiifute. Ziiwekee nafasi yake, ziendelee kuiita huku zikifanya zile kazi zisizoihitaji.

“Na kazi zinazoihitaji?” Profesa aliuliza. “Zisimame? Mpaka lini?”

“Mpaka ijibu, Profesa.”

“Mimi ningeweka muda. Muda ukipita, ifutwe, tuendelee.”

“Na ikiwa ilikuwa hai?”

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa tai. “Itatusamehe,” alisema, na watu wakacheka kidogo, kwa uchovu, maana ukumbi ulikuwa na joto.

Oriokot alianza kujibu, kisha akakata neno katikati. Ilisikika pumzi ikivutwa kwa nguvu, halafu nyingine. Benedetta alisimama na chaki mkononi.

“Samahani,” Oriokot akasema baadaye kidogo. “Wameanza. Tulikuwa kwenye mchoro wa pili.”

Wakarudi kwenye mchoro wa pili.

Zilpa, mke wa Oriokot, aliwasili wakati wa chakula. Alikuwa mtu wa Nambale. Mwaka uliopita mumewe alimvusha mpaka pamoja na mtoto wao Okedi, akamwambia amsubiri Malaba mpaka mambo yatulie. Zilpa akakodi chumba nyuma ya posho mill ya kusaga unga, akasubiri. Habari alizipata kwa akina mama wa sokoni, ambao walikuwa wameuona mwili wa mumewe ukiingizwa ndani ya banda la bati kando ya kizuizi. Benedetta alimpeleka nyuma ya ukumbi, penye kivuli cha ukuta, na sauti ikawafuata.

“Baba Okedi,” Zilpa akaita.

“Niko, mama Okedi.”

“Umekula?”

“Sijui. Mwili ndio unajua.”

Zilpa akaketi kwenye tofali. “Wanataka nini?”

“Majina. Kuna wanafunzi walikuwa wanakuja kwangu kuongea. Wanataka kujua ni akina nani.”

“Na umesema?”

“Nitasema na nini? Mdomo uko kule, sauti iko hapa.”

Zilpa alifikiri jambo hilo. “Basi watakupiga.”

“Wanapiga, halafu wanachoka,” Oriokot akasema. “Nao ni watu.”

Kikao kilipoanza tena, Benedetta aliomba nafasi. Alipendekeza mkutano upitishe azimio la kuomba Daktari Oriokot aachiliwe mzima, sauti na mwili, na azimio lipelekwe darajani siku hiyo hiyo. Mjumbe mmoja wa Dar es Salaam aliinama akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

“Daktari, mimi namhurumia mwenzetu kama wewe,” Profesa akasema, na ilikuwa kweli, macho yake yalikuwa mekundu. “Lakini mwaka ujao tunategemea kompyuta ya Kampala. Tukiingiza mambo ya kizuizi, nani atatufungulia mlango? Sisi ni watu wa sayansi tu. Hata hivyo tupige kura.”

Mikono ikainuliwa. Waliokubali na waliokataa walikuwa sawa.

“Na mimi nakubali,” Oriokot akasema.

Profesa alitazama kiti kile. “Kanuni inasema kura ni kwa kuinua mkono. Hapa huna mkono, ndugu yangu.”

“Kwenye akidi ulimhesabu,” Benedetta akasema.

“Akidi ni kuwepo. Kura ni mkono.” Kisha akapiga kura ya mwenyekiti, na azimio likaanguka. Benedetta alirudi kukaa. Mgongo ulimuuma, na vidole vilikuwa na vumbi la chaki.

Jambo la mwisho lilikuwa ile mashine inayonyamaza. Ilibidi wachague: kusubiri, au kufuta. Profesa alimwomba Oriokot atoe maoni yake ya mwisho. Hakuna aliyejibu. Akamwita tena. Nje, garimoshi la Nairobi lilikuwa limeshapiga honi, na watu walianza kukusanya mikoba yao.

“Pengine ameondoka,” Profesa akasema. “Pengine anakuja. Mimi siwezi kujua, na ninyi hamwezi. Tumesubiri.” Akatazama saa yake. “Tuendelee.”

Wakaamua: mashine ikikaa kimya kupita muda uliowekwa, ifutwe, na hesabu ifanywe bila hiyo. Benedetta aliuliza kama akidi bado ipo. Profesa akamjibu kwa upole kwamba akidi huhesabiwa asubuhi.

Walikuwa wakikunja ramani za waya Oriokot aliporudi. Sauti ilikuwa inakwaruza. “Samahani. Walinitia kichwa kwenye ndoo. Tumefika wapi?”

Benedetta akamwambia.

“Basi wamekosea,” Oriokot akasema, bila hasira.

“Ungewahi kidogo tu,” Profesa akasema. Alitaka kumshika bega, akakosa mahali pa kushika, akachukua mkoba wake na kwenda stesheni.

Benedetta hakupanda garimoshi. Yeye na Zilpa walitembea mpaka darajani, sauti ikiwa kati yao, jua likielekea Tororo. Kwenye kizuizi walimkuta askari akila muhogo. Alifuta mikono kabla ya kuwasalimia.

“Tumekuja kwa ajili ya Daktari Oriokot,” Zilpa akasema.

“Huyo alipita asubuhi, mama. Niliruhusu mimi mwenyewe. Kwani hakufika mkutanoni?”

“Alifika,” Benedetta akasema. “Lakini mwili mnao ninyi.”

“Hapa kuna mtu mmoja, ndiyo. Haongei. Tumemuuliza jina tangu asubuhi, hataki kusema. Mtu asiyesema jina lake, mimi nitamwachilia kwa jina gani?”

“Ni mimi,” Oriokot akasema.

Askari akageukia upande ilikotoka sauti. “Wewe ulishapita, boss. Ukitaka kurudi, rudi. Ingia pale bandani ujisemee.”

Zilpa alishika mlingoti wa kizuizi kwa mikono miwili. “Nenda ukaseme jina lako,” akamwambia mumewe. “Jina lako tu, basi.”

Oriokot alikaa kimya, na Zilpa akafikiri ameenda. “Nikiingia mle nitasema yote,” akasema hatimaye. “Nimeusikia mwili ukilegea mchana kutwa. Nikiwa na mdomo, nitasema. Wale wanafunzi ni watoto, mdogo wao ana miaka kumi na tisa.”

Askari alitazama pembeni, akamalizia muhogo wake. Hakuna aliyemharakisha mwenzake. Kisha Zilpa akaachia mlingoti, nao wakarudi Malaba wote watatu.

Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na kompyuta zile hazikuunganishwa. Kitabu cha mkutano kilitoka hata hivyo, na jina la Oriokot limo, miongoni mwa waliohudhuria. Benedetta huja wakati chuo kimefungwa; huketi na Oriokot chumbani kwa Zilpa na kuendelea na makala, ambayo wote wawili wanajua hayana mahali pa kusomwa. Okedi amejifunza kuzidisha kwa kusahihishwa na baba yake kutoka juu ya kabati. Majirani wakipita humsalimia dirishani.

Siku za soko Zilpa hupika ugali wa wimbi na samaki wadogo wa omena, akatia kwenye bakuli na kufunika kwa kitambaa, akapeleka darajani. Askari hubadilika, lakini kila anayekuwepo hupokea. “La yule bubu,” huambiana, na mmoja huingia nalo bandani. Zilpa husubiri upande wake wa kizuizi. Bakuli hurudi tupu, limeoshwa.

Akifika nyumbani huliweka mezani. “Umesikia umeshiba?” humuuliza.

Oriokot hunyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza chumba cha pili.

“Nafikiri,” husema.