Sufuria Moja ya Kunde

Mwanamke aitwaye Sikujua alikuwa mjamzito, na muuguzi Petronila alikuwa amemwambia ale kunde na ufuta kwa wingi, kwani protini ya mbegu hizo ingemjenga yeye na mtoto. Wiki hiyohiyo mumewe, Shaban, akarudi na habari nyingine: figo zake zilikuwa zimechoka, na daktari alitaka apunguze protini, hata ya kunde.

Sikujua aliitazama sufuria ya kunde iliyokuwa jikoni.

"Baba Rukaiya, kitu kimoja kinanijengaje mimi na kukuumiza wewe?"

"Labda sikumsikia daktari vizuri," akasema Shaban.

Kesho yake wakamfuata Petronila nyumbani kwake, Mchukwi.

"Nyote mmeambiwa kweli," akasema. "Kunde ni zilezile, miili ndiyo si sawa. Pika pamoja, ila yeye mpakulie kidogo."

Jioni Sikujua akampakulia mumewe vijiko vichache. Bakuli lake mwenyewe lilijaa, akaona haya, maana hakuwahi kula kumpita mumewe.

"Kula, mama," akasema Shaban.

Akala, huku bado haelewi kunde zinajuaje zimeingia tumbo la nani.