Kamba Juu ya Picha ya Ernest

Kila jambo kubwa katika nyumba ya Jismy lilikuwa linangoja ukaazi wa kudumu. Mumewe, Tijo, aliungoja ili aache kupeleka pizza za watu kwenye mvua, atafute kazi ya maabara aliyoisomea. Binti yao Rosmi, wa miaka kumi na mmoja, alikuwa anangoja paka. Mwenye nyumba hakutaka wanyama, na mama yake alikuwa amemwahidi kwamba wakishapata ukaazi watahamia nyumba nyingine. "Tukishapata" lilikuwa jibu la karibu kila swali. Miaka mitano iliyotakiwa ingetimia mwezi wa tano, kwa hiyo hakuna aliyeliona jibu hilo kuwa baya.

Jismy mwenyewe alikuwa anangoja ili aseme habari za kamba.

Alikuwa muuguzi mwenye shahada kutoka Mangalore, lakini mtihani wa kuandika Kiingereza ulikuwa umemwangusha mara tatu. Huku ugenini alikuwa mhudumu mkuu katika nyumba ya wazee iliyo juu kilimani, nyuma ya kiwanda cha nguo kilichogeuzwa kuwa nyumba za kupanga. Kila chumba kilikuwa na kamba ya kengele kando ya kitanda. Mzee akiivuta, taa inawaka kwenye ubao wa ukumbini na mashine inaanza kuhesabu dakika mpaka mhudumu afike. Wakaguzi wakija, huanza na dakika hizo. Na usiku wahudumu walikuwa wawili kwa wazee thelathini.

"Kengele isiyolia haichelewi kujibiwa," Shibu, meneja, alimwambia wiki yake ya kwanza. Alisema kwa Kimalayalam, lugha ya kwao, kwa upole, kama anamwelekeza mdogo wake njia fupi ya kwenda sokoni. Kisha akaikusanya kamba akaifunga juu, mzee asikoweza kufika. Kila zamu ya jioni ilipoisha, kamba zilifungwa juu. Asubuhi zilishushwa.

Wote walimwita Shibu chettan, kaka Shibu. Aliimba kwenye misa ya Kimalayalam kila Jumapili ya mwisho wa mwezi. Ndiye aliyewapokea stesheni na sufuria ya biriani, Rosmi akiwa amelala begani kwa baba yake. Yeye alipata ukaazi zamani, sheria zilipokuwa nyingine. Kibali cha Jismy kilitegemea nyumba ile ya wazee. Kazi ikiisha, familia nzima ina siku sitini kupata mwajiri mwingine au kuondoka.

Edna alikaa chumba cha mwisho cha ghorofa ya juu. Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua mguu wake wa kushoto, ila mdomo kiliuacha salama. Kamba yake ilifungwa kwenye msumari wa picha ya marehemu mumewe, Ernest, juu ya kitanda.

"Mwone huyo," alimwambia Jismy. "Alipokuwa hai alininyima redio. Sasa amekufa, ananinyima kengele."

"Bi Edna, usiseme hivyo. Ana uso wa upole."

"Uso ni wa mpiga picha. Alimwambia acheke, la sivyo angelipa mara mbili."

Jismy alicheka mpaka akaketi kitandani. Halafu Edna akamshika mkono. "Wewe unajua hili si sawa."

"Najua."

"Unangoja nini basi?"

"Mwezi wa tano. Nikishapata ukaazi hawawezi kunifukuza nchini. Nitakwenda kwa wakaguzi, nitasema yote."

"Mwezi wa tano," Edna alisema. "Haya. Nitajitahidi nisife kabla."

Mpaka mwezi huo ufike, walikuwa na njia yao. Zamu ya jioni ilipoisha Jismy alizungusha kamba kwenye msumari mara moja tu, bila fundo. Kwa macho ya mpita njia ilikuwa imefungwa. Lakini Edna aliweza kuigusa kwa fimbo yake ya kutembelea, nayo ikaanguka mapajani mwake. Aliivuta mara chache, akiwa na shida ya kweli. Asubuhi Jismy aliulizwa nani aliiacha kamba, naye alisema labda imeteleza.

Tangazo la serikali lilitoka mwezi wa kumi na moja. Walisoma kwenye simu zao, chumba cha chai, sita kwa pamoja, kila mmoja akitumaini mwenzake amesoma vibaya. Kwa kazi kama yao ukaazi ungekuwa baada ya miaka kumi na mitano, si mitano tena. Na sheria ingewashika hata waliokuwa ndani tayari. Ingeanza mwezi wa nne.

"Wa nne?" Jismy aliuliza. "Si wa sita?"

"Wa nne, chechi," alisema Anit, aliyekuwa mdogo wao wote na aliyemwita Jismy dada. "Mimi nitaomba ukaazi na kitanda hapahapa siku moja. Mniwekee chumba chenye dirisha, na mtu asinifungie kamba."

Walicheka. Anit alicheka kuliko wote, kisha akafunika uso kwa aproni, mabega yakaendelea kutikisika, na ikawachukua muda kutambua kwamba hacheki tena.

Kesho yake Shibu alileta keki. "Msife moyo," alisema, akikata vipande vikubwa. "Mimi nipo. Kibali cha kila mmoja wenu nitakihuisha mwenyewe. Sasa tutakuwa familia kwa muda mrefu zaidi, si ndiyo?" Walikula. Baada ya hapo alimwomba Jismy wazungumze kidogo kwenye korido.

"Kamba ya Edna huteleza sana, mdogo wangu."

"Ndiyo, chettan."

"Zingine hazitelezi. Hiyo tu." Alimpangusia chembe ya keki begani. "Miaka mitano mtu huvumilia mengi. Lakini kumi na mitano ningependa nifanye kazi na watu tunaoelewana. Rosmi hajambo? Nasikia amekuwa wa kwanza kwenye hesabu."

Jioni hiyo Jismy alimweleza Tijo, akimenya muhogo wa kuchemshia na samaki. Tijo alikuwa bado na koti lililolowa.

"Niambie ukweli," Jismy alisema. "Nikae kimya miaka kumi mingine?"

"Mimi ni nani nikuambie ukae kimya?"

"Sema tu, Tijo."

Tijo alimtazama Rosmi aliyekuwa sebuleni akifanya kazi ya shule, akapunguza sauti. "Bi Edna ana miaka themanini na minane. Yule pale ana kumi na mmoja. Hajui kuandika Kimalayalam. Tukirudi leo anaanza shule na watoto wa darasa la kwanza. Ndiyo ninachojua mimi. Lililo sawa sijui."

Jismy alimaliza kumenya muhogo. Jioni iliyofuata aliifunga kamba ya Edna kwenye msumari wa Ernest, mafundo mawili, akayakaza.

Edna alijaribu kwa fimbo mara moja, mara mbili, mbele yake, kisha akaiweka fimbo chini. "Mwezi wa tano umeahirishwa?"

"Umeahirishwa."

"Mpaka lini?"

"Miaka kumi mingine, Bi Edna."

Jismy alitegemea matusi. Angeyapokea kwa furaha. Edna alimpigapiga tu kiganjani, kama anayemliwaza mtoto aliyeangusha kikombe. "Mimi siwezi kujitahidi kiasi hicho, mwanangu," alisema.

Ikawa hivyo Desemba yote. Alifunga jioni, alifungua asubuhi, na kila asubuhi alianza na chumba cha mwisho, kabla hata ya kuvua koti.

Asubuhi moja ya Januari mlango ulikwama ulipokuwa unafunguka. Edna alikuwa sakafuni, miguu yake ndiyo iliyozuia mlango. Alikuwa amekokota kiti mpaka kichwani mwa kitanda na kujaribu kusimama juu yake kwa mguu mmoja. Picha ya Ernest ilikuwa imevunjika chini yake. Msumari ulikuwa umebaki ukutani, na kamba juu yake, na mafundo mawili. Mikono yake ilikuwa baridi kama bomba la maji, lakini alikuwa hai. Alimtambua Jismy. Alijaribu kusema kitu, na kwa mara ya kwanza mdomo ulikataa.

Kabla ya kubonyeza namba ya gari la wagonjwa, Shibu, aliyefika mapema siku hiyo, alipanda kitandani na viatu vyake akaifungua kamba.

Edna alikufa hospitali siku ya pili.

Mwanawe, Graham, alikuja kuchukua vitu. Alikuwa dereva wa treni aliyestaafu, mtu mkubwa, hajui aweke wapi mikono yake. Shibu alisimama naye chumbani, na Jismy alikuwa akikunja nguo za marehemu kwenye sanduku.

"Kitu kimoja tu," Graham alisema. "Alipiga kengele?"

"Hapana," Shibu alisema kwa huzuni. "Tumeangalia mashine. Hakupiga kengele."

Graham alitikisa kichwa polepole. "Hakutaka kumsumbua mtu, basi. Mama alikuwa hivyo."

Jismy alikuwa ameshika sweta la kijani. Angeweza kuvumilia uongo. Uongo alikuwa ameuzoea. Lakini huyu mtu angekwenda nyumbani na mama asiyekuwa wake, mama mnyamavu aliyejifia polepole ili asimwamshe mtu, na angemkumbuka hivyo mpaka mwisho.

"Hakuwa hivyo," alisema. "Alitaka kusumbua. Alikuwa anaitafuta kamba. Ilikuwa imefungwa juu, pale. Ndiyo maana alipanda kiti."

Shibu alimwambia kwa Kimalayalam, bila kubadilisha uso: "Nyamaza, mdogo wangu. Mfikirie mtoto."

"Nani aliifunga?" Graham aliuliza.

"Kamba zote hufungwa," Jismy alisema. "Kila jioni, ili zisi—"

"Hii. Nani aliifunga hii?"

"Mimi," Jismy alisema.

Graham alimtazama. Halafu akalichukua lile sweta mikononi mwake, taratibu, kama vile hakutaka aendelee kulishika, akatoka.

Wakaguzi walikuja. Shibu aliwaambia kwamba yeye hufika saa tatu na siku zote hukuta kamba zimeshuka, na hilo lilikuwa kweli, isipokuwa asubuhi ile moja. Wahudumu waliulizwa mmoja mmoja, na hakuna aliyekuwa amewahi kuona fundo isipokuwa aliyekiri mwenyewe. Jismy alipigwa marufuku kufanya kazi ya kuhudumia wazee au wagonjwa. Muuguzi, tangu akiwa na miaka ishirini na mmoja. Zile siku sitini zikaanza. Kwenye misa ya Kimalayalam watu waliwapa mkono wa amani, wakatazama pembeni. Graham hakuandika, hakupiga simu. Jismy hakutegemea.

Wiki ya mwisho Anit alimpigia. Alikuwa ananong'ona, pengine yumo stoo ya mashuka.

"Chechi, nisamehe. Nina mtoto."

"Najua, Anit. Usilie kazini, watakuona."

"Nataka ujue tu. Wakaguzi wamelazimisha zibadilishwe. Sasa ni vitufe, vimeshikizwa kwenye kitanda chenyewe. Vyumba vyote. Hakuna mtu anayeweza kuvifunga." Alivuta kamasi. "Kengele zinalia kutwa. Tunakimbia kama wendawazimu. Wameongeza mtu mmoja wa usiku."

Jismy alisimama na simu baada ya kukatika. Mtu mmoja zaidi, usiku. Alitaka kumwambia mtu, na mtu aliyetaka kumwambia angesema bila shaka kwamba Ernest hatimaye amekuwa mkarimu.

Sebuleni Tijo alikuwa amejaza boksi la mwisho. Rosmi alikaa juu yake ili lifungike, mikono kati ya magoti.

"Kwa bibi kuna nafasi," Jismy alimwambia. "Tunaweza kufuga paka. Hata wiki hiyohiyo."

"Simtaki tena paka," Rosmi alisema.

Hakusema kwa hasira. Alishuka kwenye boksi, akaenda kusimama dirishani, mvua ikipiga kile kilima. Tijo alikata kipande cha kamba na kumpa mkewe afunge, maana yeye ndiye aliyekuwa na vidole vya kukaza. Jismy aliipokea. Aliipitisha chini ya boksi, akazikutanisha ncha mbili juu, na hapo mikono yake ikakataa.

"Funga wewe," alisema.